Usingizi wa Akiru

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa chumba kisichokuwa na kufuli. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika hospitali moja ya Kitale, na chumba chenyewe kilikuwa stoo ya magongo na vitanda vilivyovunjika miguu. Kufuli liling'olewa zamani na fundi aliyetaka magodoro. Metroni, yaani muuguzi mkuu wa wodi za wanawake, alinionyesha kona iliyobaki wazi, akaifuta meza kwa kiganja, kisha akaniuliza nilisomea nini chuo kikuu.

"Saikolojia, Metroni."

"Hiyo inatibu nini?"

Nikamweleza. Nilikuwa na miaka thelathini na ushei, nilikuwa nimefundisha sekondari kabla ya kurudi chuoni, na bado niliamini kwamba jambo likielezwa vizuri hueleweka. Metroni alinisikiliza hadi mwisho, mikono kifuani, rozari yake ikining'inia karibu na ile saa ndogo ambayo wauguzi hubandika kwenye sare.

"Sawa," akasema. "Kwa hivyo wewe ni wa kuongea. Ongea nao basi. Lakini usinicheleweshee watu, Madam. Vitanda ni vichache."

Wa kuongea. Jina hilo lilinikaa. Mfagiaji akimwelekeza mgonjwa alimwambia, "Pita wodi ya watoto, uulize pale wa kuongea anakaa wapi." Nilikuwa nimebandika mlangoni karatasi yenye cheo changu kwa maneno manne makubwa. Haikusomwa na mtu hadi mvua ilipoingia ikaichukua.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mmepewa vyumba vyenye mapazia na viti vinavyolingana. Nitawaeleza ilivyokuwa kwetu. Mwanamke aliyebakwa alizungushwa kama barua isiyo na anwani. Kwanza polisi. Kisha benchi la kasualti, mahali pa kupokea majeruhi, ambapo karani aliita jina la mtu na shida yake kwa sauti moja, ili waliokuja na mafua nao wageuke kutazama. Kisha daktari, maabara, na dirisha la dawa, ambako alipewa vidonge vya kuzuia virusi vya ukimwi. Vidonge hivyo humezwa mwezi mzima na hutapisha, na asiye na mtu wa kumhimiza huviacha njiani. Mimi nilikuwa wa mwisho katika msafara huo. Aliyenifikia alikuwa na jeraha alilotiwa na mwanamume, na juu yake jeraha la benchi. Mara nyingi tulianza na la benchi.

Jina la ugonjwa wenyewe ni kiwewe. Hatari imepita, lakini mwili haujapata habari. Umeona mbwa aliyepigwa jiwe? Hata ukiinama kufunga kamba ya kiatu, anakimbia. Mwili wa mtu aliyedhulumiwa hukaa hivyo, ukilinda mlango ambao mwizi ameshapita. Kazi yetu ilikuwa kuushawishi mwili kwamba unaweza kuweka silaha chini, na mwili haushawishiwi kwa hotuba. Unashawishiwa na watu. Mume akiamini, mama akiamini, jirani akileta uji bila kuuliza maswali, mwili unaanza kulegea. Ndiyo maana, wakati daktari anapima joto, mimi nilikuwa na kipimo kimoja tu. Nilimuuliza kila mwanamke, "Unalala?" Mengine yote angeweza kunidanganya. Hilo linaonekana machoni.

Sasa niwaambie jambo ambalo vitabu vyangu vya chuo havikuwa nalo. Kitale ni mji ambao karibu kila mtu alitoka kwingine, na bado kila mtu anajua nani akae wapi. Chini kabisa walikaa Waturkana. Walikuwa wengi upande wa Matisi, wakiuza makaa kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, wakifua nguo za watu, wakilinda maduka. Hawakuitwa kwa majina. Waliitwa wale wa makaa. Na alipoletwa mwanamke wao aliyebakwa, kulikuwa na neno lililosemwa kwa upole kabisa, pengine na mtu aliyekuwa akimfunga bendeji kwa uangalifu:

"Hao wamezoea."

Lilisemwa kama habari ya tiba, kama unavyosema kwamba fulani ana damu ya aina fulani. Wanatembea mbali, wanalala nje, ni wagumu, wamezoea. Na kwa sababu wamezoea, hawahitaji dawa kali ya maumivu. Wala hakuna haja ya kuwaeleza kabla ya kuwashika. Pazia ni la nini? Niliwahi kuuliza kwa nini Mturkana mmoja alilazwa sakafuni ilhali kitanda kilikuwepo. Nilijibiwa kwamba angeogopa kuanguka.

Akiru aliletwa siku ya soko, asubuhi. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mwenye mtoto mmoja wa kike aliyebaki kwa dada yake. Siku iliyotangulia alikuwa amekwenda nje ya mji kununua makaa kwa jumla, na akirudi katikati ya mahindi, mlinzi wa shamba alimkamata. Hayo yanatosha. Kituoni, konstebo aliyemwandikia maelezo alimwuliza, "Ulikuwa unauza makaa pekee, ama na kingine?" Wenzake wakacheka. Akiru alinisimulia kicheko hicho kabla ya kunisimulia mahindi.

Nilipofika wodini kumtafuta, nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda katika gauni la hospitali, ameinamisha kichwa, mikono miwili imeshika shingo kana kwamba ingeanguka. Shingo ilikuwa ndefu, na rangi yake ilikuwa tofauti na ya uso, ngozi laini ya mahali ambapo jua halijafika tangu utotoni. Metroni alikuwa anafunga mfuko wa taka. Mkasi ulikuwa kwenye trei.

"Umekata shanga zake, Metroni?"

"Si unajua kanuni? Mapambo yote yanatolewa. Hizi hata hazikutoka kwa kichwa, ilibidi mkasi."

"Yule wa kitanda cha dirishani ana mkufu."

"Huo ni mkufu, Madam." Akakaza fundo. "Hizi ni kunguni waliopangwa kwenye uzi. Ona mafuta yalivyoganda. Unataka wodi nzima ijikune?"

Mwanamke wa dirishani akacheka, akaushika mkufu wake wenye msalaba mdogo. Mfuko ukaondoka.

Nisiwachoree Metroni kama jini. Alipika uji kwake nyumbani, akaubeba kwa thermosi kuja nao kwa wagonjwa wasio na jamaa, na alilea watoto wa marehemu ndugu yake. Mwaka mmoja mshahara ulipochelewa, yeye ndiye aliyenikopesha unga. Ila alikuwa na mizani kichwani, aliyopewa utotoni kama wengi wetu, na hakuwahi kuitilia shaka kwa kuwa kila aliyemzunguka alipima kwa hiyo hiyo.

Akiru aliketi nami kwenye stoo yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha soko, kizuri kwa bei na kwa matusi. Nilimuuliza swali langu.

"Unalala?"

"Hapana."

"Ungependa nikusaidie nini?"

Alifikiri. "Kulala. Hiyo tu. Mengine nitafanya mwenyewe."

Nikaanza kumfundisha yale tuliyofundishwa. Weka nyayo sakafuni, usikie saruji. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi. Taja vitu unavyoviona chumbani, ili akili ijue uko hapa, hauko kule. Akatazama huku na huku.

"Magongo," akasema. "Magongo mingi. Watu yenyewe iko wapi?"

Tulicheka, yeye kwanza. Nilifurahi kupita kiasi. Katika kazi yetu mteja akifanya mzaha unajiona umeshavuka mto, kumbe umelowa nyayo tu.

Usiku wa kwanza wodini alilala kidogo, akasema mwenyewe. Usiku wa pili zaidi. Kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani, na alipokuja juma lililofuata macho yalikuwa mekundu na midomo imepauka. Alikuwa amejifunga leso shingoni, duru mbili, na jua la siku hiyo lilikuwa la kukaanga. Mimi na digrii yangu tukaielewa leso mara moja. Mshambuliaji alimkaba; basi anaficha mahali alipokabwa; hiyo huitwa kuepuka, dalili inayojulikana. Nilikuwa na aya nzima kichwani. Bahati nzuri nilikuwa pia nimefundishwa kuuliza kabla ya kujibu, nikauliza.

"Ni ya kuficha shingo," akasema.

"Kwa sababu yule mtu alikushika hapo?"

Alinitazama kwa huruma.

"Yule alinishika mkono. Sikiza, mama. Kwetu mwanamke hapana toa shanga. Akigonjeka sana, atatoa. Bwana akikufa, atatoa. Shingo tupu ni ya matanga. Mimi nilifika nyumbani, nikaambia bwana yangu ile maneno ya shamba. Alikasirika, alilia. Akasema atatafuta mbuzi, wazee waseme maneno, niondolewe ile kitu, tuendelee. Ilikuwa sawa. Halafu nikatoa kitambaa, nioge. Akaona."

"Akasema nini?"

"Akaniuliza, 'Mimi nimekufa lini?'"

Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda.

"Mama yake akapiga nduru kama matanga. Ati nimezika mtoto wake akiwa mzima. Wazee wakasema ile ya shamba wanajua kuosha. Hii hawajui, mwenye kufanya si adui, ni daktari. Sasa nimeenda kwa dada yangu, Matisi. Ile nyumba ukuta ni mabati, mtu akipita nje nasikia viatu. Nakaa tu. Naangalia mlango."

Mnaona, palikuwa na mume aliyeamini, mbuzi aliyekuwa akitafutwa, wazee waliokuwa tayari kunena. Vyote nilivyosema vinaushawishi mwili vilikuwepo. Ni nadra sana. Nimehudumia mabinti wa mapasta ambao hawakupata hata nusu yake. Na mkasi ukapita katikati.

Nilikwenda kwa Metroni kuomba shanga. Zilikuwa zimeingia tanuri la kuchomea taka siku ile ile, pamoja na sindano na bendeji.

"Si anunue zingine?" akasema. Alishangaa kweli. "Soko limejaa shanga, rangi zote."

Nikamweleza kwamba zile za kwanza alivishwa na mama yake, nyingine zikaongezwa na baba yake, na nyingine alipoolewa, na kwamba zinapakwa mafuta na wenyewe, mkono kwa mkono. Hazirudishwi kwa kuingia dukani.

"Madam," akasema Metroni, na sauti yake ilikuwa ya kunionea huruma, "wewe utazeeka haraka. Mtu amebakwa, amepewa dawa, ameoshwa, yuko hai. Unalilia uzi?"

Nilimwomba angalau aje pamoja nami Matisi, amwambie mume kwamba ni hospitali iliyokata, mke hakujivua. Akakubali kutuma salamu. Salamu za Metroni zilibebwa na mimi peke yangu. Mume, mbeba magunia katika ghala la mahindi, alinisikiliza amesimama, na vumbi la unga kwenye nyusi. Alikuwa mpole.

"Nimesikia," akasema. "Najua si yeye. Lakini hiyo daktari yenu, kama mimi naenda hospitali, inanitoa suruali na kuichoma, halafu inatuma wewe useme pole?"

Akarudi kwenye magunia yake. Yeye na Akiru walipatana baadaye kiasi cha kusalimiana na kumlea mtoto. Nyumba moja hawakurudi.

Akiru alimaliza vidonge vyake vyote, na nawaambia hilo kwa sababu pale hospitalini nilikuwa nimeambiwa hao hawamalizi dawa. Damu yake ilipopimwa ilikuwa salama. Daktari akampa mkono wa heri. Kwa daktari, kesi ilikuwa imekwisha. Usingizi haukurudi.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Bungoma, katika kituo kidogo cha wanawake nyuma ya njia ya reli. Huko ndiko nyumbani, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kufuli. Mkubwa wangu aliitwa Mratibu, mwanamume mtaratibu aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, na aliyefungua kila mkutano kwa kusema, "Tuendelee tulipoachia," hata kama hatukuwa tumeachia popote. Yeye ndiye aliyeniingiza katika ushauri wa kikundi, na mpaka leo naona ni njia bora kuliko zote. Wanawake wanane au tisa wanaketi duara. Kila mmoja anazungumza zamu yake, na anapozungumza jirani yake wa kushoto anamshika mkono hadi amalize. Hatumkatizi wala hatumshauri. Mkono tu. Nimeona mkono huo ukifanya yaliyonishinda mimi kwa miezi.

Nguzo ya kikundi ilikuwa Mama Wekesa wa Myanga, mkulima wa vitunguu, mcheshi, mwenye kifua cha kuimbia kanisani. Alikuwa amevamiwa kwake shambani, na majirani wakasema alijitakia kwa kuwa ni mjane anayejipamba. Alikuja kwetu akiwa hawezi kushika jembe. Ukimwona alivyokuwa baada ya miezi michache, akiwatania wenzake kwamba wanalia vibaya, "Lia na tumbo, bana, si na pua!", ungesema kituo kile kinafanya miujiza.

Nikamwita Akiru. Kituo kilimlipia nauli kutoka Kitale. Alikuja amejifunga leso ile ile shingoni, akasalimu, akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi, mkono wa kulia wa Mama Wekesa. Maana yake, zamu yake ikifika, Mama Wekesa ndiye angempa mkono.

Zamu ikafika. Akiru akaanza, "Mimi natoka Matisi, nilikuwa nabeba makaa," akatandaza kiganja pembeni kama alivyoona wengine wakifanya. Kiganja kikakaa hewani. Mama Wekesa alikuwa ghafla na shughuli nyingi na fundo la kitambaa chake.

"Mama Wekesa," nikasema, "mkono."

"Madam, nitaongea ukweri, usinikasirikie." Alinigeukia, akampa Akiru bega. "Sisi hapa tulibakwa. Mimi nilibakwa. Mtu ana boma rake, ana watoto shule, ana heshima yake, anavunjiwa. Sasa ukiniletea huyu ukasema ni kitu kimoja, unanishusha. Hao ni maisha yao. Hao wamezoea."

Wawili watatu wakaitikia kwa kichwa, wametazama sakafu. Hakuna aliyekuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha.

Akiru hakurudisha mkono wake. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

"Mama, mimi nimezoea nini?"

Akamsogelea Mama Wekesa, kiganja bado kimetandazwa.

"Niambie, nimezoea nini? Mimi pia nataka kujua. Kama nimezoea, mbona silali?"

Mama Wekesa akarudia fundo la kitambaa chake. Nilitangaza chai mapema, mbinu ya washauri wote duniani wanapoona mambo yamewashinda. Kwenye chai wanawake walisogea dirishani. Akiru alibaki katika kiti chake, nami nikaketi kile cha Mama Wekesa nikamshika mkono, lakini mkono wa mshauri si mkono wa jirani. Unalipwa mshahara. Yeye alilijua hilo, akaushika kwa adabu tu.

Baada ya kikao Mratibu aliniita.

"Madam, kikundi ni kama chungu. Kikipata ufa, utampikia nani? Hawa wanawake wanane wanapona. Utawavuruga wanane kwa ajili ya mmoja?"

"Mwalimu, ufa haukuletwa na yeye."

"Sikatai. Lakini tuwe wakweli kuhusu jamii tuliyo nayo. Huyo dada utamhudumia peke yake. Ijumaa, wakati wenzake hawapo. Apitie ule mlango wa nyuma, wa jikoni, asikutane nao, asiumizwe tena." Kisha akaongeza, kwa wema wa dhati, "Ni kwa ajili yake."

Nilimpelekea Akiru ujumbe huo nikiwa nimeufunga kwa maneno laini kadiri nilivyoweza. Faragha. Muda mrefu zaidi. Utulivu. Alinisikiliza, akazunguka jengo kwa macho, akauona mlango wenyewe, na ndoo ya maganda ya viazi mbele yake.

"Mlango ya nyuma ni ya mwizi," akasema. "Mimi ndiye niliibiwa."

Akanishukuru kwa nauli, akaondoka kwa mlango wa mbele, mbele ya wote. Hakurudi. Nilituma ujumbe mara kadhaa kwa watu wa Matisi. Nikaambiwa yupo, ni mzima, anasalimu.

Kikundi kikaendelea tulipoachia. Na hili ndilo gumu kuwaambia ninyi vijana: kikundi kile kiliponya. Mama Wekesa alirudi shambani. Alilala. Siku hizi anauza vitunguu mpaka Malaba, na nilipostaafu alinitumia kuku wawili. Nampenda. Kwa miaka mingi nimejiuliza kama angepona bila ile siku. Kijijini kwake walikuwa wamemshusha hadi chini kabisa ya ngazi, na siku ile, katika chumba chetu chenye kufuli, alikanyaga akahisi kuna mtu chini yake. Huenda ndipo mwili wake ulipopata habari kwamba umerudi mahali pake. Sijui. Nimesoma sana na sijui. Najua tu kwamba wale waliotengwa waliponijia baadaye, awe Mturkana, awe mwanamke wa Kiislamu wa karibu na msikiti ambaye karani alimwambia "ninyi hufichana tu," awe mkimbizi wa mapigano ya mlimani ambaye lugha yake iliwafanya watu wabane mikoba, nilianza na swali jingine kabla ya lile la usingizi. Niliuliza, "Umepokewaje mpaka ukafika hapa?" Majibu yalichukua kikao kizima, wakati mwingine viwili. Jambo lenyewe, la kubakwa, tuliliweka pembeni kwa muda, na mara nyingi lilikuwa limeanza kupoa kabla hatujaligusa.

Niliacha kazi mapema, muongo ule ukielekea ukingoni, mgongo ukiwa umekataa viti vya plastiki. Waliniaga kwa hotuba. Mratibu alisema nimeacha pengo lisilozibika, na juma lililofuata pengo likazibwa na kijana mwenye shahada mbili. Nikarudi shambani kuandika makala ambazo ndugu zangu husoma aya ya kwanza.

Mwaka uliofuata nilikwenda Kitale kununua mbolea. Nililala kwa rafiki upande wa Matisi, na asubuhi nikafika kwenye ghala la mbolea kabla halijafunguliwa. Mlangoni palikuwa na askari, amevaa koti zito la jeshi kuukuu, rungu kwenye magoti, tochi shingoni kwa kamba. Aliketi kwenye kreti la soda, mgongo umenyooka dhidi ya ukuta. Nilimsalimu kama unavyowasalimu walinzi, bila kuangalia. Akacheka.

"Wa kuongea," akasema. "Umenenepa."

Ilikuwa Akiru. Hapo tajiri wa ghala akafika na funguo zake, mtu mchangamfu, akaona tunafahamiana, akafurahi kuliko sisi.

"Unamjua huyu mama? Huyu ndiye askari bora Kitale yote, nakuambia! Nimeandika wanaume kazi hapa, wakubwa, wanakoroma mpaka mwizi anawafunika blanketi. Huyu? Miaka miwili, sijawahi kumpata amefunga jicho. Hata moja!" Akampiga begani kwa upendo. "Hawa watu hawalali, Madam. Mungu aliwaumba hivyo tu. Wamezoea."

Akaingia ndani. Tukasikia milango ya mabati ikisukumwa.

"Unalala?" nikamuuliza Akiru. Kipimo changu sina kingine.

"Mchana, kidogo. Nikiketi." Akaonyesha ukuta kwa kichwa. "Mgongo ikiwa hapa."

Nikamwambia nimestaafu, nina nafasi, mgongo mbaya lakini masikio mazima. Kwamba naweza kuja Kitale kila juma, tukaketi popote anapotaka yeye. Kwamba hata baada ya miaka, mwili unaweza kufundishwa, nimewaona wengine. Niliongea kwa muda mrefu. Alinisikiliza vizuri, kama mtu anayesikiliza mchuuzi anayempenda.

"Mtoto wangu iko sekondari," akasema. "Karo ni hii." Akainua rungu kidogo. "Mama, ukinirudishia usingizi, tajiri ataniweka ya nini?"

Nilipokwisha kununua mbolea akasimama, akaninyanyulia gunia langu hadi barabarani, kwa kuwa aliona jinsi ninavyoinama.